Mradi umefungwa, mlango wangu bado unagongwa

Shangazi,

Nina miaka 34, nipo Katoro mkoani Geita. Nilitoka Kishapu nikifuata machimbo, nikaanza kwa kumpikia mama ntilie mmoja, baadaye nikaingia kwenye biashara ya kujiuza. Sikufichi.

Kwa miaka mitano nilikuwa mwelimishaji rika wa mradi mmoja. Tulipewa mafunzo, fulana na nauli. Nilizunguka gesti, baa na vile vibanda vya turubai machimboni, nagawa kondomu, nawasindikiza wenzangu kupima, nawakumbusha kumeza PrEP, vidonge vya kuzuia maambukizi ya VVU. Mwanzoni mwa 2025 tukaambiwa tusimame kwanza. Baadaye tukaambiwa basi, mradi umefungwa.

Wenzangu hawajali kama umefungwa. Wananigongea usiku: dada, una kondomu? Dada, PrEP imeniishia, na zahanati wameniambia siku hizi ni ya wajawazito. Mimi nilibaki na makopo mawili ya vidonge. Nikawagawia watu watatu, kila mmoja vidonge kumi kumi. Nimekosea?

La pili ni daftari langu. Lina majina 63, namba za simu, na nani anatumia dawa gani. Mwenyekiti wa kitongoji analitaka, anasema ni kwa ajili ya kutusajili kwa usalama wetu.

La tatu, bei. Duara, yaani shimo la dhahabu, likitoa, wachimbaji wanashuka na hela. Kwa kondomu ni 10,000. Kavu wanatoa 30,000, wengine 50,000. Zamani tulikuwa na kikao kila Jumatatu na tulikubaliana hakuna kavu. Sasa kila mtu na lake, na wageni waliotoka machimbo mengine wanatuharibia kabisa.

Halafu pale zahanati kuna muuguzi akituona anasema kwa sauti, "Nyie tena!" Wenzangu wamegoma kurudi.

Mimi nimechoka, Shangazi. Nina mtoto kidato cha pili. Nataka kuhamia Isaka nikauze chakula. Nikiondoka nitakuwa nimewatupa?

Dada wa Katoro

* * *

Mwanangu,

Nianze na vidonge, maana hilo halisubiri. Acha leo kugawa. Ninajua ulifanya kwa huruma, na mwenzako akisimama mlangoni saa sita usiku ni vigumu kumwambia huna wakati kopo liko chini ya kitanda. Lakini PrEP hupewa mtu aliyepimwa na kukutwa hana virusi, na hupimwa tena kila baada ya miezi mitatu. Kopo lile lina dawa mbili tu. Anayeishi na VVU hutibiwa kwa dawa tatu kwa pamoja. Ikiwa mmoja wa wale watatu ameshaambukizwa bila kujua, dawa mbili kwa siku kumi hazitamtibu. Zinaweza kuvifundisha virusi kuzizoea, na siku atakapoanza matibabu akakuta baadhi ya dawa hazimfai. Na yule ambaye hana virusi, vidonge kumi vinamdanganya. Kwa mwanamke dawa hii inataka kumezwa kila siku bila kuruka, na wiki tatu za mwanzo asiitegemee peke yake. Vikiisha katikati, amebaki wazi huku akijiona amevaa koti.

Waambie wote watatu wakapime sasa, na warudie baada ya miezi mitatu hata kama jibu la kwanza ni zuri. Wamwambie mhudumu ukweli kwamba walimeza vidonge, asiwapime kwa kubahatisha. Vidonge vilivyobaki virudishe kituoni.

Na hilo la wajawazito, ulichoambiwa zahanati kina chanzo chake, ila si sheria ya Tanzania. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Ilipofungulia kwa masharti mwezi uliofuata, PrEP iliyolipiwa na fedha zake iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mwongozo wetu wa taifa haukuwafuta ninyi. Kwa hiyo msikubali jibu la zahanati moja. Nendeni CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, kwenye kituo cha afya au hospitali, muulize swali moja la moja kwa moja: je, ipo PrEP ambayo haijafungwa na sharti hilo, na kama haipo, itakuja lini? Kama haipo, haipo. Basi kondomu, kupima, na kutibu magonjwa ya ngono ndiyo ngao yenu kwa sasa. Bajeti ya serikali ya 2025/26 iliweka tozo mpya, ikiwemo kwenye madini, ili sehemu yake iingie kwenye mfuko wa kupambana na UKIMWI. Nadhani ni haki kabisa dhahabu inayochimbwa Geita ilipie kondomu za Geita, na diwani wenu aulizwe hivyo.

Jambo moja usilisahau: kondomu ikipasuka, au mwenzenu akibakwa, kuna dawa ya dharura, PEP. Inaanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha humezwa siku 28. Hii msisubiri asubuhi ya Jumatatu.

Sasa daftari. Usimpe.

Sisemi mwenyekiti ni mtu mbaya. Inawezekana kweli anawaza usalama wenu. Machimboni wanawake wanapigwa, wanaporwa, na hakuna anayejua hata majina yao. Lakini yeye atatoka madarakani na daftari litabaki mezani kwa anayekuja. Fikiria ulichoandika humo. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema taarifa za afya za mtu kuhusu VVU ni siri. Wewe uliaminiwa na majina 63 kwa sababu ulikuwa mwenzao, hawakukukabidhi ili umkabidhi mtu mwingine. Halafu kuna Kanuni ya Adhabu. Kutafuta wateja hadharani ni kosa linalomfanya mtu akamatwe kama mzururaji. Orodha ya wanawake wanaojiuza Katoro, yenye namba za simu, ikitoka mkononi mwako haitabaki kuwa orodha ya afya. Itakuwa orodha ya msako. Na ikimfikia mume wa mtu kule Kishapu au Kwimba, hapo sina la kukwambia.

Mjibu hivi, kwa heshima: "Mwenyekiti, mambo ya wagonjwa yako kwa mganga mfawidhi, mimi sina mamlaka nayo." Kama anataka usalama wenu kwa dhati, mpe kazi nyingine: ahakikishe njia ya kutoka machimboni ina taa, na msichana akienda Dawati la Jinsia polisi asigeuziwe kibao. Kisha daftari lenyewe lichane ulichome. Kama aliyekuwa msimamizi wako anapatikana, muulize kwanza iwapo kuna kumbukumbu alizopaswa kuzikusanya. Ukihitaji kukumbuka nani ana miadi lini, andika alama unazozijua wewe, bila jina, bila namba, bila dawa.

Niingie kwenye bei, maana hapa ndipo barua yako ilipo hasa.

Kuna watu watakwambia tatizo ni tamaa. Siamini. Mwanamke anayekataa 50,000 wakati kodi ya chumba inalipwa kila siku na mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya michango, huyo ana nguvu kuliko wengi wanaomhubiria. Na mteja anajua. Anajua kwamba ukikataa wewe, chumba cha tatu watakubali. Kwa hiyo mtu mmoja mmoja hawezi kushinda mazungumzo yale. Ama mnakataa wote au hakuna anayekataa, na ndiyo maana kile kikao chenu cha Jumatatu kilikuwa na thamani kuliko fulana, kuliko nauli, na nitathubutu kusema kuliko hata boksi la kondomu.

Hili si la kufikirika. Kule Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, watafiti wa Kitanzania na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliendesha mpango ulioitwa Shikamana. Walifuatilia wanawake 496 wanaofanya kazi kama yenu, katika maeneo mawili. Eneo moja lilipata huduma za kawaida. Jingine liliongezewa mahali pa wanawake kukutana na kuamua mambo yao, waelimishaji rika wa kufika kwenye baa, wenzao wa kuwasindikiza wenye VVU kwenye matibabu, na wahudumu wa afya waliofundishwa kuwapokea vizuri. Baada ya miezi 18, katika eneo la kawaida asilimia 10.4 ya wanawake waliokuwa hawana virusi walikuwa wameambukizwa. Kwenye eneo la Shikamana ilikuwa asilimia 5.0. Matokeo yalichapishwa 2019. Dawa zilikuwepo pande zote mbili; upande mmoja ulikuwa na wanawake waliojipanga.

Hata kabla ya hapo, miaka ya 1980, muuguzi Mkenya Elizabeth Ngugi alikaa na wanawake wa Pumwani, Nairobi, akawasaidia kuchagua viongozi miongoni mwao, na matumizi ya kondomu yakapanda wakati ambapo serikali nyingi zilikuwa bado zinanong'ona kuhusu ugonjwa huu.

Na Geita yenyewe ina historia ambayo wenzako wanapaswa kuijua. Mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000, watafiti walipima watu wa jirani. Wafanyakazi wa mgodini walikutwa na VVU asilimia 6. Wanawake wanaofanya kazi kwenye migahawa na baa, asilimia 42. Soma namba hizo mbili pamoja. Kwa miaka mingi watu wamesema wanawake wa baa ndio wanaowaambukiza wachimbaji, kana kwamba wao virusi waliviokota kichakani. Yule mwanamke ndiye aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote, na ndiye aliyekuwa na sauti ndogo kuliko wote kuhusu kondomu.

Sasa mfanye nini. Rudisheni kikao, hata kama ni watu wanane chini ya mwembe, bila soda na bila posho. Wageni msiwaite waharibifu. Hao ndio wa kwanza kualikwa. Mwanamke aliyefika jana kutoka kwenye rashi nyingine, yaani machimbo mengine mapya, hana chumba, hana deni analodaiwa na mtu anayemjua, na hajui kwamba hapa mna makubaliano. Mwenye kuuza kavu mara nyingi ni mgeni mwenye njaa. Mtafutieni pa kulala siku tatu, muone kama bei yake haitabadilika.

Kisha anzisheni kikoba kidogo chenye mfuko wa jamii ndani yake. Shilingi 1,000 kwa wiki kwa kila mtu. Kazi ya mfuko huo iwe moja: mwenzenu akikosa kodi usiku mbaya, akope hapo badala ya kukopa kwa mwili wake. Kikundi kikitulia, kiandikisheni kwa afisa maendeleo ya jamii kama kikundi cha wanawake wajasiriamali, wauza samaki au wapika chakula, mradi iwe kazi mnayoifanya kweli. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya wanawake. Fomu haiulizi unalala na nani.

Wenye gesti na mameneja wa baa nao waingizwe. Si kwa hotuba. Mwambieni mwenye gesti kwamba boksi la kondomu likae kaunta, kila chumba kiwe na mbili juu ya mto, na mteja akianza fujo kwa sababu amekataliwa kavu, mlinzi agonge mlango. Kwake hilo ni biashara. Gesti yenye vurugu haipati wageni. Na pesa ishikwe kabla ya mlango kufungwa, kwa sababu mteja aliyekwishalipa ana haraka ya kuanza, na ambaye hajalipa ana muda wa kubishana.

Kuna kitu hukukiandika lakini nakijua. Kondomu mara nyingi haivuliwi na mteja. Inavuliwa na bwana. Yule mchimbaji aliyeanza kama mteja, akalipa kodi mwezi mmoja, akanunua godoro, akaitwa baba fulani. Siku hiyo kondomu inatoka kwa sababu kuivaa ni kama kumwambia humwamini. Na yeye ana mwingine Mgusu na mke nyumbani. Hili liongeeni kwenye kikao waziwazi, maana makubaliano yenu ya kavu yanamgusa mteja tu na kumwacha huyu apite. Dawa yake rahisi ni kwenda kupima wawili. Akiogopa kituo, kuna vipimo vya kujipima mwenyewe, ambavyo sheria yetu iliviruhusu 2019. Kipimo kikionyesha virusi, lazima kituo kithibitishe. Na bwana mwenye VVU anayemeza ARV hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo cha damu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, jambo ambalo wengi bado hawaliamini, na kwa kutoliamini wanaficha kopo la dawa na hatimaye wanaacha kumeza.

Muuguzi wa "Nyie tena" nisimpe nafasi kubwa. Usigombane naye mapokezini. Nenda kwa mganga mfawidhi na wenzako wawili, mwambie ni wanawake wangapi wameacha kuja na kwa sababu gani, kisha omba kitu kimoja: mhudumu mmoja mtakayemfikia, na muda wa saa nzima mchana, foleni ya kliniki ya watoto ikiwa imekwisha. Asiposikia, kituo kina kamati ya afya yenye wajumbe wa kijiji. Mkumbushe pia, kama anapenda ushahidi, kwamba mkoa wa Mwanza, enzi Geita ikiwa wilaya yake, ndiko ulikofanyika utafiti wa 1991 hadi 1994 ulioonyesha dunia kwamba kutibu vizuri magonjwa ya ngono kwenye vituo vya kawaida vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa asilimia takriban 40. Vituo kama chake, wahudumu kama wake. Mwanamke mwenye usaha anayefukuzwa kwa maneno anarudi kazini na usaha wake.

Mnakumbuka Februari 2017, wizara ilipofunga vituo 40 vilivyokuwa vinahudumia makundi kama yenu na kuagiza huduma zihamie vituo vya serikali? Watu walilia kwamba kila kitu kimekwisha. Baadhi ya vikundi vilikwisha kweli, vile vilivyokuwa na jengo tu. Vile ambavyo wanawake walikuwa wanajuana kwa majina na kwa madeni viliendelea kukutana kwa msusi na kwenye vibanda vya chipsi. Ninasema hivyo kwa sababu ya swali lako la mwisho.

Nenda Isaka, mwanangu. Hukuajiriwa na umaskini wa Katoro, na miaka mitano ya kuamshwa usiku inatosha. Sipendi tabia ya kuwasifu wanawake kama wewe kwa kujitolea halafu kuwaacha wajitolee mpaka waishe. Ila usiondoke kimyakimya. Kabla ya kuondoka chagua wawili, si mmoja, kwa sababu mmoja akihamia rashi nyingine kila kitu kinaondoka naye. Wapeleke kwa mganga mfawidhi ajue ni wewe uliyewaleta. Waonyeshe kaunta za gesti ambazo boksi huisha haraka. Wape namba ya anayetoa kondomu za serikali wilayani. Na uwaambie waziwazi kwamba hawadaiwi kufungua mlango saa sita usiku; boksi likae mahali ambapo mtu anachukua bila kumwamsha yeyote.

Isaka nayo uijue unakokwenda. Ni bandari kavu, malori ya Rwanda, Burundi na Congo yanalala pale, na mwanamke anayeuza chakula usiku kwenye maegesho ataombwa kitu kingine kabla ugali haujaiva. Mtaji wako uwe umekaa sawa ili kukataa kuwe kwako rahisi. Ukitaka watu wa kukupokea, Kahama kuna SHDEPHA+, shirika la watu wanaoishi na VVU, waulize kama wana kikundi upande huo.

Neno la mwisho. Umeandika barua nzima juu ya wanawake 63 na hukuandika hata mstari mmoja kuhusu kipimo chako wewe. Usinijibu, si lazima nijue. Kama ni muda mrefu hujapima, pima kabla ya kusafiri. Kama upo kwenye ARV, usifunge mizigo kabla hujapita CTC kuchukua barua ya uhamisho, na umwombe mhudumu dawa za miezi mitatu, au sita kama virusi vyako vimetulia, ili usije ukawa unatafuta kliniki mpya wiki ileile unayotafuta chumba.

Shangazi